Mawe ya Yordani na Fedha za Wafadhili

Barua ilifika siku ya Jumatatu, nasi tulikuwa tumepanga kwenda kwa mzee siku ya Alhamisi. Mfadhili wetu alitushukuru kwa kazi njema, akatueleza kwamba vipaumbele vyake vimebadilika, na kwamba awamu ya pili ya ruzuku haitatolewa. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati. Niliisoma mara mbili, kisha nikampigia simu kijana mwenye kinasa sauti, nikamwambia Alhamisi tusiende kwanza, mpaka kamati ikae. Kamati ilikaa baada ya wiki tatu. Mzee yule alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nimeombwa niandike katika kitabu hiki juu ya imani na mali, na nimeona si vema nichague jambo jingine wakati hili bado linanisumbua. Swali langu ni hili: je, ni halali kwa watu wa Mungu kupokea fedha za watu wa mbali ili kutunza kumbukumbu zao wenyewe? Na kama ni halali, ni kitu gani ambacho fedha hizo haziwezi kukinunua?

Swali la mtoto

Mambo yalianza katika darasa la kipaimara. Usharika wetu uko kwenye mtelemko wa kusini wa Kilimanjaro, na nyuma ya kanisa unapita mfereji wa asili, ule tunaouita mfongo. Mifereji ya namna hii ilichimbwa na mababu zetu kutoka kwenye makorongo ya juu, na hadi leo baadhi yake inanywesha migomba na kahawa. Wa kwetu unashuka vizuri mpaka unapokaribia kanisa, halafu unapinda ghafla, unazunguka kiwanja kimoja kidogo, na kurudi katika njia yake. Mvulana mmoja akamwuliza mwinjilisti, "Kwa nini waliochimba walipinda hapa?" Mwinjilisti hakujua. Mchungaji hakujua. Mimi niliyefundisha shule ya msingi miaka 31, tena somo la historia, sikujua.

Tukamwita babu mmoja jirani. Alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye benchi mbele ya watoto, akasimulia. Pale palikuwa na kihamba kidogo cha mjane. Wachimbaji walitaka kupita katikati kwa kuwa ndiyo njia fupi, naye akakataa kwa sababu mume wake alizikwa hapo. Walikuwa na nguvu ya kumshinda, na hakuna ambaye angewauliza. Lakini wazee wao walikaa, wakaamua wazunguke, na kule kuzunguka kukawagharimu siku nyingi za kupasua mwamba. Babu alimaliza kwa kuwaambia watoto kwamba kila wanapopita pale wajue maji yanamheshimu mjane. Akanywa chai, akaenda zake. Hakuna aliyemlipa, wala hakuna aliyefikiri habari ya malipo.

Usiku ule nilifungua Yoshua sura ya 4. Israeli walipovuka Yordani, watu 12, mmoja kwa kila kabila, waliagizwa wachukue kila mtu jiwe moja begani kutoka katikati ya mto, na mawe hayo yakasimamishwa Gilgali. Sababu ilitajwa wazi: siku zijazo watoto watauliza maana ya mawe, na wazazi wanapaswa kuwa tayari kuwajibu. Hapo kuna kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kubeba jiwe. Kazi ya pili ni kumjibu mtoto. Namwomba msomaji azishike zote mbili, maana nitazirudia.

Andiko la mradi

Tukaamua kukusanya masimulizi kabla wazee hawajaondoka: zamu za maji na sheria zake, majina ya waliochimba, nyimbo za kazi, na jinsi usharika wetu ulivyoanza. Mgeni mmoja aliyewahi kututembelea alitushauri tuombe ruzuku. Yako mashirika katika nchi mbalimbali yanayotoa fedha kwa ajili ya historia, lugha, masimulizi, nyimbo na fikra za watu, hasa kazi hiyo ikifanywa na wanajamii wenyewe pamoja na wasomi. Ni msaada wenye maana. Kisima unaweza kuhesabu ndoo zake, na zahanati unaweza kuhesabu wagonjwa wake. Lakini faida ya mtoto kujua kwa nini mfereji umepinda haihesabiki, na kwa hiyo mara nyingi hakuna anayetenga fedha kwa ajili yake.

Andiko la mradi niliandika mimi. Fomu ilitaka tueleze hatari iliyopo. Nikaandika kwamba kumbukumbu zetu karibu zote zimepotea, kwamba hapajawahi kufanyika juhudi yoyote ya kuzitunza, na kwamba vijana wetu hawana hamu ya mambo ya kale. Ndugu msomaji, nilijua kwamba si kweli. Umoja wa wanawake walikuwa na daftari ambamo kwa miaka mingi waliandika nyimbo na habari za familia, na nililiona kwa macho yangu. Na aliyeanzisha jambo lote alikuwa kijana mwenye hamu. Lakini nilidhani mfadhili humnyoshea mkono anayezama, basi nikakionyesha kijiji changu kinazama.

Ruzuku ikaja. Sitaki kuwa mtu asiye na shukrani: ilifanya mema. Tulinunua vinasa sauti viwili. Tulilipa bodaboda kupanda vitongoji vya juu ambako wazee hawawezi tena kushuka. Vijana waliokaa usiku wakiandika maneno kutoka kwenye kinasa sauti walipata kitu kidogo. Katika miezi saba tuliwasikiliza wazee 19, na wengi wao tusingewafikia kwa njia nyingine.

Pamoja na hayo, bajeti ilikuwa na kifungu cha posho. Kila mzee alipewa bahasha na kutia saini. Mwezi wa tatu tulirudi kwa babu yule wa hadithi ya mjane, tukamwomba airudie ili tuinase. Aliuliza kwanza habari ya bahasha. Nilijisikia vibaya, na nadhani uso wangu ulionyesha, maana alinitazama akasema kwa upole, "Mwalimu, na wewe hukusaini?"

Nilikuwa nimesaini. Posho yangu ilikuwa kubwa kuliko yake.

Barua ya Jumatatu ile ilipokuja, kazi ilisimama siku hiyohiyo. Watu waliambiana kwamba mradi umekwisha, wala hakuna aliyeona ajabu. Mzee tuliyepanga kumwendea Alhamisi ndiye ambaye wenzake wote walitwambia kwamba anayajua majina ya waliochimba. Nyumba yake iko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwangu. Sikuhitaji nauli wala bahasha. Nilihitaji kuondoka tu, na sikuondoka, kwa sababu kwa miezi saba nilikuwa nimejizoeza kuamini kwamba kazi ile ni ya mradi.

Ezra na Nehemia

Wako wanaosema kwamba kosa letu lilikuwa kupokea. Wako wanaosema kosa ni la mfadhili aliyekata katikati. Biblia haituruhusu kujibu upesi hivyo. Ezra alipokuwa kando ya mto Ahava aliona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani, kwa sababu alikuwa amemwambia kwamba mkono wa Mungu uko pamoja na wamtafutao. Basi wakafunga na kuomba, wakasafiri hivyohivyo. Nehemia naye alimwomba mfalme Artashasta barua za ruhusa na miti ya kujengea, akapewa, tena akaenda na maofisa na wapanda farasi. Mmoja alikataa msaada, mwingine aliupokea, na Maandiko hayamkemei hata mmoja.

Lakini tumwangalie Nehemia vizuri. Kabla ya kuomba chochote alikuwa amelia na kufunga kwa ajili ya mji wake. Na miti ya mfalme ilipofika, ukuta haukujengwa na mfalme. Sura ya 3 ya kitabu chake ni orodha ndefu ya majina ya watu na jamaa zao, na mara kadhaa inasemwa kwamba fulani alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Miti ilitoka mbali, lakini mikono ilikuwa ya watu wenye nyumba pale.

Tunayo mifano ya miti ya mfalme katika nchi yetu. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka uleule ambao Sultani Barghash alikubali kwa mkataba soko hilo lifungwe. Jengo lilipochakaa lilikarabatiwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya na kwa msaada wa shirika la World Monuments Fund, na mwaka 2016 yakafunguliwa pale maonyesho yanayoeleza habari za biashara ya utumwa katika Afrika Mashariki. Sadaka za kila Jumapili zisingetosha kazi kama ile. Mgeni akiingia leo anafahamu amesimama wapi. Sioni ni kwa nini mtu aite hilo dhambi.

Wala kukatiwa fedha si jambo la maskini peke yao. Marekani iliunda kwa sheria ya mwaka 1965 mfuko wa taifa uitwao National Endowment for the Humanities, ambao kwa miaka mingi umepeleka ruzuku kwa mabaraza ya majimbo, na kupitia hayo kwa maktaba na makumbusho madogo ya miji na vijiji. Mwezi Aprili 2025 barua zilitumwa kusitisha ruzuku nyingi kwa mara moja, kazi zikiwa katikati. Shirika la Mellon lilitoa dola milioni 15 kuyasaidia mabaraza hayo, nalo halikuweza kuliziba pengo lote. Kwetu mtelemkoni jambo hili halihitaji maelezo marefu: mtu anayetegemea maji ya juu anajua kwamba iko siku mwenye zamu ya juu atafunga. Humlaumu akifunga kwa ubaya, lakini humshangai kwamba ana uwezo wa kufunga.

Mtenda kazi na ujira wake

Hapa kuna hoja nzito ambayo sipendi kuikwepa. Bwana wetu alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Kwa nini basi dereva alipwe, katibu alipwe, msomi anayekuja na daftari lake alipwe, halafu mzee mwenye maneno yenyewe aambiwe atoe kwa moyo? Tukimtaka maskini atoe bure huku sisi tunasaini, waraka wa Yakobo una maneno makali juu yetu. Kwa hiyo sisemi mzee asipewe kitu.

Ninachosema ni kwamba zile kazi mbili za Gilgali si za aina moja. Kubeba jiwe kuna gharama: siku iliyopotea shambani, nauli, chakula, betri, mgongo unaouma. Gharama hiyo inaweza kulipwa na mtu yeyote, awe wa karibu au wa mbali, na ni haki ilipwe. Kumjibu mtoto ni deni. Babu anamdai mjukuu heshima, na mjukuu anamdai babu majibu. Baba akilipwa ili amfundishe mwanawe Sala ya Bwana, mtoto atajifunza maneno ya sala, na pamoja nayo atajifunza kwamba sala ni kitu ambacho watu hukisema wakilipwa. Daudi alikataa kupokea bure kiwanja cha Arauna kwa sababu hakutaka kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Kumbukumbu nazo ni sadaka ya namna hiyo. Zisipotugharimu sisi wenyewe, hazitakuwa zetu kwa muda mrefu.

Najua kwamba mpaka huu si rahisi kuuona ukiwa na njaa. Mzee asiye na dawa ya shinikizo la damu haioni bahasha yake katika mafungu mawili, la gharama na la deni. Anaona bahasha, na ana haki. Ndiyo maana nasema mzigo wa kuutunza mpaka huu uko kwa tusio na njaa. Mimi nina pensheni. Ningaliweza kuanza kwa kuikataa posho yangu, ndipo lile swali la babu lisingekuwa na mahali pa kunichoma.

Amri ya Nane

Katika Katekisimo Ndogo tuliyokariri tukiwa watoto, amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo, na Luther anaieleza kwa kutuagiza pia tumtetee jirani na kulitafsiri kila jambo lake kwa wema. Siku zote niliifikiria amri hii kama jambo la mahakamani au la umbea. Sikujua kwamba mtu anaweza kuivunja kwa kujaza fomu.

Ripoti ya mradi iliposomwa mbele ya usharika, maneno ya andiko langu yalisomwa pamoja nayo. Baada ya ibada mama mwenyekiti wa umoja wa wanawake aliniita pembeni, chini ya mti. "Mwalimu," akasema, "daftari letu uliliona. Kwa nini uliandika hatuna kitu?" Sikuwa na jibu. Kazi ya miaka ya akina mama wale niliifuta kwa sentensi moja ili nipate fedha za kuianza upya. Niliwaomba msamaha katika mkutano wao, nao walinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Tangu hapo naamini kwamba hatari ya kwanza ya ruzuku haiko katika fedha. Iko katika kalamu ya anayeomba. Mfadhili huwa hakuambii useme uongo. Anakuuliza tu maswali kwa namna ambayo ukweli unaonekana mdogo. Ukiukubali mtego huo, utapata fedha kwa jina la kijiji kisichokuwepo, na watu wako wataanza kujitazama kwa macho ya karatasi yako. Mwombaji Mkristo anapaswa kuweza kulisoma andiko lake kwa sauti mbele ya watu anaowaombea, bila kuona haya. Likimshinda kusomwa pale, asilitume.

Jibu libaki wapi

Limebaki jambo la tatu. Mmisionari Bruno Gutmann alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akaishi na wazee wa Kichagga miaka mingi, akawasikiliza kwa heshima kuliko wengi wa wakati wake. Alikusanya mafundisho waliyopewa vijana wetu wa zamani, na kati ya mwaka 1932 na 1938 yakachapishwa Munich katika vitabu vitatu vinene vya Kijerumani. Namshukuru Mungu kwa kazi ile. Bila yeye mengi yangekuwa yamezikwa. Lakini ukimtuma leo mwanafunzi wetu wa kipaimara akavisome vitabu vile, hatavipata, na akivipata hatavielewa. Jiwe lilibebwa kwa uaminifu, likasimamishwa mahali ambapo mtoto hapiti.

Wapo wafadhili waliolitambua jambo hili. Mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, unataka nyaraka halisi zibaki katika nchi yake, na nakala iwekwe hukohuko pamoja na ile inayopelekwa London. Masharti ya namna hiyo tunapaswa kuyadai sisi wenyewe hata pale ambapo hatuyakuti. Paulo alipochangisha fedha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, makanisa yalichagua mtu wao wa kusafiri na changizo hilo, ili pasiwe na lawama. Kama fedha zilihitaji mtu wa kuzisindikiza, maneno ya wazee wetu yanahitaji zaidi.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya mavuno, mnada wa kanisa ulikuwa wa kazi hii. Mkungu wa ndizi ulinunuliwa na kurudishwa mara tatu. Fedha zilizopatikana hazifiki hata sehemu ya kumi ya ruzuku ile, nazo zimetosha kutoa nakala za masimulizi ya wazee 19 na kuzijalidi, moja ikae vestri, moja shuleni, moja kwa umoja wa wanawake. Wazee tunaowatembelea sasa tunawapelekea sukari na sabuni, kama anavyofanya mtu akimtembelea babu yake. Hatusaini, wala wao hawasaini. Wengine wameanza kusimulia tena. Wengine bado wanatutazama kwa mashaka, nasi hatuwalaumu. Kamati imeandika pia ombi jipya la ruzuku, kwa ajili ya bodaboda na betri. Safari hii lilisomwa kwanza mbele ya mkutano wa usharika, na akina mama walinisahihisha mahali pawili.

Majina ya waliochimba hatunayo. Katika daftari la umoja wa wanawake upo wimbo mmoja wa kazi wenye jina la mtu mmoja tu kati yao. Mengine yalizikwa na mzee yule, na fedha yoyote itakayokuja haitayafukua. Mvulana aliyeuliza swali lile amekwisha kupata kipaimara, na siku hizi ndiye anayewapeleka wadogo zake kwenye pindo la mfereji na kuwaeleza habari za mjane. Wakimwuliza walikuwa akina nani waliozunguka, anawatajia jina lile moja, na kisha anawaambia kwamba wengine Mungu anawajua.